Msiguse Mpaka Nirudi

Ndugu zangu wa kantini, tangu nirudi mmeniuliza habari za Ufipa, nami nimewajibu kwa vichekesho. Nimewasimulia baridi, vumbi, na askari aliyetaka kuninyang'anya hewa. Mlicheka, tukaagiza chai nyingine, nikanyamaza. Sikuwadanganya, ila niliishia njiani. Wiki iliyopita nilipata barua kutoka Mollo, kijiji kimoja cha huko, na tangu niisome vichekesho vimeniishia. Nimeona niwaandikie safari yote, kituo kwa kituo. Mambo ya vibali na fomu nayaruka, maana mnayajua na yanachosha.

Kwa msiokaa karibu na maabara yetu, kazi yenyewe ni hivi. Udongo wa shamba unatoa hewa. Ukitia mbolea ya dukani, au ukifukia majani yakaoza, inatoka gesi inayopanda juu na kuongeza joto la dunia. Mataifa yameambiana kila nchi ihesabu gesi yake, na nchi changa kama yetu, isiyo na viwanda vya maana, hesabu yake kubwa iko mashambani. Mkubwa wangu wa kazi, ambaye nitamwita Daktari, alitaka kujua habari za Wafipa, kwa sababu wao hulima kwa kufukia majani. Mimi ni fundi wa maabara tu. Nazamisha pete ya plastiki kwenye udongo, naifunika kwa ndoo iliyotobolewa, navuta hewa kwa bomba la sindano, naisukuma kwenye kichupa chenye kizibo cha mpira. Kichupa kinarudi Morogoro, mashine inakisoma.

Morogoro hadi Tunduma

Basi lilikuwa jipya, la mtu binafsi, moja ya yale yaliyoletwa na miaka hii ya ruksa. Lina pazia na redio. Utingo alitaka sanduku langu liende juu ya paa.

"Lina vioo," nikamwambia.

"Vioo vya nini?"

"Vichupa."

"Vina nini ndani?"

"Havina kitu bado."

Akanitazama, akamtazama dereva, akaniacha. Nilisafiri na sanduku mapajani kutoka Morogoro mpaka Mbeya, miguu ikafa ganzi. Tuliharibikiwa Makambako saa nne nzima kwa sababu ya mkanda wa feni, nikala viazi vya kukaanga mara mbili kwa kukosa kazi. Tunduma nilifika nimechelewa gari la siku ile, nikalala, asubuhi nikatafuta lori. Najitahidi kuwaonyesha kwamba wakati huo nilijali sanduku kuliko miguu yangu mwenyewe, maana ndilo lililoniponza baadaye.

Tunduma hadi Sumbawanga

Dereva wa lori alikuwa Mwakalinga, mtu wa Mbeya mwenye nyumba Chanji, mjini Sumbawanga. Mnene, mcheshi, anaimba nyimbo za kwaya kila gari linapopanda mlima. Nyuma alikuwa amepakia sabuni, betri na marobota ya nguo.

"Zamani nilikuwa napakia mbolea mpaka springi zinalia," akasema. "Serikali inalipa sehemu, mkulima analipa kidogo. Sasa kila mtu na mfuko wake. Mbolea haishikiki, wanakijiji wamerudi kwenye matuta yao. Mimi napakia suruali."

"Na suruali zinashikika?"

"Mtu hawezi kula suruali, kaka, lakini ananunua."

Barabara ilikuwa ya vumbi na makorongo. Tulipata pancha mbili kabla ya Laela, tukalala hapo, tukala ugali wa ulezi kwa maharage. Ulezi ule ulikuwa mweusi na mzito, nami niliyezoea sembe nyeupe niliona taabu kuumeza. Mwenye hoteli akaniambia nikila huo asubuhi nitakumbuka chakula kesho yake. Alisema kweli. Kesho yake tulipoingia Sumbawanga mchana, na upepo wa uwanda ukinipenya koti, nilikuwa bado nimeshiba.

Nilipanga chumba nyumba ya wageni ya Chanji, nikakodi baiskeli. Mwakalinga akaniahidi kwamba Ijumaa atakuwa na safari ya Muze, chini bondeni, ambako pia nilitakiwa kuchukua hewa ya mashamba ya samadi.

Mollo

Shamba nililoelekezwa lilikuwa la Mama Yustina, mjane wa miaka sitini hivi, anayeishi na wajukuu watatu. Nilimkuta anapepeta mbegu uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu, bwana shamba."

Nikamweleza kwamba mimi si bwana shamba, ni fundi wa vipimo. Akaitikia vizuri sana, kisha akaendelea kuniita bwana shamba. Nikaona si kitu. Leo najua kilikuwa kitu.

Akanipeleka shambani. Sijawahi kuona kazi ya jembe kama ile. Matuta ya mviringo, yanafika magotini, yamejaa mteremko mzima. Wenyewe wanayaita ntumba. Mvua zinapokaribia kuisha wanakata nyasi na mizizi yake, wanazirundika na kuzifunika kwa udongo, wanapanda maharage juu. Nyasi zinaozea ndani miezi yote ya kiangazi. Mvua mpya ikishalowesha ardhi, wanayavunja matuta, wanausambaza ule udongo mweusi, wanamwaga ulezi. Hiyo ndiyo mbolea yao.

"Haya yote umeyapiga wewe?" nikamuuliza.

"Mimi na wajukuu. Marehemu alikuwa akipiga, mimi nafuata nyuma na nyasi. Halafu akaja bwana shamba akasema matuta ni ya kizamani, tulime sesa, shamba tambarare, tupande mahindi kwa mstari, tutie mbolea. Tukatia. Mahindi yalikubali, siwezi kusema uongo. Mbolea ilipopanda bei, mahindi yakawa ya njano. Miaka miwili nakula kwa shemeji yangu. Huu mwaka ndio wa kurudi. Nikipata ulezi huu, siendi tena kwa shemeji na kapu mkononi."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na hivi vipimo vyako, vikisema matuta yanatoa hewa mbaya, mtatukataza tena?"

Nikacheka, nikamwambia hakuna atakayemkataza. Sikuwa na mamlaka ya kusema hivyo, lakini niliona namfariji.

Nikazamisha pete tatu kwenye matuta matatu katikati ya shamba. Jumatano ilinyesha mvua ya kwanza ya nguvu. Alhamisi nikavuta hewa, vichupa vikajaa vizuri, nikafurahi kama mtoto. Kilichobaki kilikuwa kuvuta tena baada ya siku chache, matuta yakiwa bado mazima, halafu mara ya mwisho baada ya kuvunjwa. Ndipo Mama Yustina akaniambia kwamba kesho kutwa, Jumamosi, watu wanakuja kuvunja.

"Watu gani?"

"Wa kazi ya pombe. Nimeshapika."

Nilijua anasema nini kijuujuu tu. Unapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe, wanalima mpaka adhuhuri, wanakunywa, wanaondoka. Mimi nikaona ni karamu, na karamu inaweza kusogezwa. Nikamwambia asubiri mpaka Jumatatu, nitakapokuwa nimerudi kutoka Muze.

"Pombe imeshapikwa, baba."

"Siku mbili tu, mama."

"Basi tuache hayo matatu yenye ndoo, watu wavunje mengine?"

Hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Ingetosha kuacha hayo matatu. Lakini nilimwona kichwani mwangu Daktari akiniuliza kama kuna mtu alikanyaga karibu na pete, nikataka kazi yangu iwe safi isiyo na doa. Nikasema, "Hapana, mama. Shamba lote. Watu wakikanyaga karibu, vipimo vinaharibika. Msiguse mpaka nirudi."

Akatazama shamba.

"Haya, bwana shamba," akasema. "Hatugusi."

Kuteremka Muze

Ijumaa Mwakalinga alinichukua. Kutoka uwandani kwenda bonde la Ziwa Rukwa barabara inashuka ukingo wa mlima kwa kona ambazo lori halikati mara moja. Inabidi lirudi nyuma kidogo, matairi yakichungulia korongoni, ndipo likate. Mwakalinga aliacha kuimba. Chini, joto lilinipiga usoni, nikavua koti na sweta kwa mkupuo mmoja.

Muze nilipokewa na Masanja, mfugaji aliyehamia huko kutoka Shinyanga na ng'ombe wake na ndugu zake. Mrefu, mpole, hana haraka na neno. Alinipa maziwa mgando na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akanionyesha shamba lake la mahindi lililotiwa samadi. Jumamosi nilizamisha pete, Jumapili asubuhi nikavuta hewa. Jioni ile tungepanda.

Lakini usiku wa Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha ukingoni, na barabara ikaondoka. Sisemi iliharibika. Kipande kimoja cha kona hakikuwepo tena. Mwakalinga alikwenda kukiangalia, akarudi, akaketi juu ya tairi la akiba.

"Kaka, hapa tunasubiri watu wa barabara. Wiki. Labda mbili."

Jumatatu ikapita. Jumanne Masanja akaniona nazungukazunguka, akaniuliza nina nini. Nikamweleza juu ya mama wa Mollo na shamba lake.

"Sasa si upande kwa miguu?" akasema. "Njia ya mkato ipo. Ukitoka alfajiri, jioni uko juu. Akina mama wa samaki wanapanda kila siku."

"Na sanduku?"

"Jitwike."

"Vichupa vitavunjika. Na nikiteleza kazi yote imekwisha."

Masanja alifikiri, halafu akacheka, si kwa ubaya. "Samaki wanapanda kichwani mwa akina mama kila siku, mwenzetu hewa inakushinda?"

"Basi liache," akaongeza. "Nitalilaza ndani, hakuna atakayeligusa. Nenda ukamwambie yule mama, kisha urudi."

Sikwenda. Nilimjibu kwamba yule mama ataona nimechelewa, ataelewa, atavunja matuta yake. Mtu mzima, shamba lake, mvua inanyesha, atasubiri nini? Niliyasema hayo mchana, na usiku niliyarudia mwenyewe kitandani, na kwa kuyarudia nikajua siyaamini. Lakini sikuliacha sanduku. Nilikaa nalo siku kumi na nne. Nilijifunza kukamua ng'ombe, nikaharisha kwa maji ya kisima, nikapona. Wajukuu wa Masanja walikuwa wakija kuomba waone hewa, nami nawainulia kichupa kitupu kwenye mwanga, wanakiangalia kwa heshima.

Kupanda tena

Barabara ilipotiwa viraka tulipanda. Mwakalinga alinishusha Mollo moja kwa moja, sanduku na mimi.

Niliona shamba kabla sijaiona nyumba. Kuzunguka pande zote mashamba ya majirani yalikuwa yamesawazishwa, meusi, na ulezi umeanza kuchomoza, rangi ya kijani iliyopakwa kwa mbali. Katikati yao shamba la Mama Yustina lilisimama na matuta yake yote. Juu ya matuta magugu yameota. Pete zangu tatu zilikuwa pale pale, na kila moja imezungushiwa miiba mbuzi wasipite.

Mama Yustina alitoka akifuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Umefika, bwana shamba. Hatujagusa hata moja."

Alilisema kwa fahari, kama mtu aliyetunza amana ya watu. Nikakosa mahali pa kuweka macho.

Nikamuuliza habari za watu wa pombe. Akanieleza bila kulaumu. Jumamosi walikuja, aliwazuia. Pombe ilikuwa imeiva na haiwezi kungoja, kesho yake ingekuwa siki, basi wakainywa kwa upole, wakaenda zao. Jumatatu ilikuwa zamu ya nyumba ya pili, Jumatano ya tatu, na kila nyumba imeshapika ya kwake. Zamu inazunguka kijiji kizima. Aliyepitwa anangoja duara liishe, na likiisha hana ulezi wa kupikia tena, maana akiba yake imenyweka.

"Lakini nilisema Jumatatu, mama. Niliposhindwa kuja, si ungevunja?"

"Ulisema mpaka urudi."

"Shamba ni lako."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwaka ule tuliambiwa tuache matuta, jirani yetu mmoja hakuacha. Aliitwa ofisini, akalala huko siku mbili. Sisi tunajua neno la bwana shamba lilivyo, baba. Hata shemeji aliniambia nisiguse, nisije nikajiletea balaa."

Nikasema tuvunje sasa hivi. Nilivuta hewa kwenye pete zangu, nikiona aibu hata kushika sindano, halafu nikaomba jembe. Tulilima siku tatu, mimi, yeye na wajukuu wawili wakubwa. Siku ya kwanza nilipata malengelenge, ya pili yakapasuka. Mama Yustina alinifundisha kukata tuta kutoka juu na kuvuta udongo upande wa mteremko, akanicheka kwa jinsi ninavyoshika mpini. Mchana alitupikia ugali wa ulezi na mboga za maboga, akanipa kipande kikubwa. Nilikila chote, nikijua ugali ule unatoka kwenye akiba ndogo kiasi gani.

Tulivunja kama theluthi ya shamba kuanzia pembeni, hatukufika kwenye pete zangu. Akamwaga mbegu, ingawa alisema mwenyewe ulezi wa kuchelewa haukui, unasimama tu. Siku ya nne Mwakalinga akapiga honi barabarani, ana mzigo wa mahindi wa kupeleka Tunduma na hawezi kungoja. Nikakusanya vitu vyangu mbio mbio. Nilimshika Mama Yustina mkono kwa mikono miwili, nikamwambia nisamehe.

"Safari njema, baba," akasema. "Mvua ndiyo ilikuzuia."

Sikumwambia juu ya njia ya akina mama wa samaki. Anaijua kuliko mimi.

Kurudi

Habari ya kizuizi cha Tunduma mmeisikia: askari alivyofungua sanduku, akaona vichupa vitupu mia na kidogo, akaniuliza nimeficha wapi dawa. Nikasema ni hewa ya mashamba. Akasema hewa ya Ufipa si inapita bure, kwa nini niifungie? Mwakalinga alicheka mpaka akakohoa, nanyi mlicheka pia. Mimi nilicheka nao.

Sikuwaeleza kilichofuata Morogoro. Mashine ilisoma vichupa vyote, hakuna hata kimoja kilichovuja. Daktari aliipitia karatasi yangu ya Mollo kwa kalamu mkononi. Akauliza matuta yalivunjwa lini. Nikamwambia. Akauliza kwa kawaida yanavunjwa lini. Nikamwambia na hilo.

"Basi hili si shamba la Kifipa tena," akasema. "Hakuna Mfipa anayeacha matuta mpaka mvua imekomaa hivi. Majibu yake hatuwezi kuyatumia." Akapiga mstari juu ya safu nzima. Hakuwa mkali. Alisema ya Muze ni mazuri sana, akanisifu kwa kutunza vichupa.

Sasa hiyo barua. Imeandikwa na katekista kwa niaba ya Mama Yustina, kwenye karatasi ya daftari. Inanisalimu, inaniulizia familia na afya. Inasema ulezi wamevuna, umejaa kikapu kimoja, na kwamba Mama amekwenda kwa shemeji yake kama miaka iliyopita. Kisha inasema hivi, nanakili neno kwa neno:

"Yale matuta matatu yenye vyombo vyako bado yapo, hatujagusa. Miiba tumebadilisha mara mbili. Majani yamekuwa marefu na watoto tunawakataza. Msimu wa kupiga matuta mapya umetukuta, tukayazunguka. Mama anauliza, bwana shamba, ni lini ataruhusiwa."

Pete zangu. Katika mbio za lori nilisahau kuzing'oa, na nilisahau kumwambia kwamba nimemaliza.

Tangu wiki iliyopita naandika jibu. Kwanza niliandika, "Mama, nakuruhusu," nikaona haya, nikachana. Nikaandika, "Mama, shamba ni lako, huhitaji ruhusa yangu." Hiyo nayo nikaisoma mara mbili, nikakumbuka nilikwisha kumwambia maneno hayo hayo nikiwa nimesimama shambani kwake, na hayakumsaidia kitu.

Nimeomba likizo. Mwakalinga anapita Tunduma Jumanne. Safari hii sibebi sanduku, nabeba jembe.